Pedeli za Kigali waachieni watu wa lami

Wapenzi wa kandanda mtanisamehe. Leo sizungumzii usajili, sizungumzii waamuzi, wala sina neno na watani wa Kariakoo. Nazungumzia pedeli za baiskeli. Msifungue ukurasa mwingine kwanza, maana stori hii mnaijua, ila mmezoea kuisikia upande wa njumu.

Niko Mwakitolyo, Shinyanga, kwenye machimbo ya dhahabu. Asiyepajua aelewe hivi: ni maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha yanayosaga mawe kutwa nzima, na unga wa mawe unaotua juu ya kila kitu, kuanzia sufuria ya mama ntilie mpaka mnyororo wa baiskeli. Na baiskeli zipo za kutosha. Usukumani baiskeli siyo chombo cha masikini, ni chombo cha kila mtu. Shinyanga mjini hata baiskeli inayobeba abiria inaitwa daladala, na ukiuliza stendi ya daladala unaweza kuonyeshwa mstari wa Phoenix zenye viti vya sponji. Huku machimboni kijana anabeba viroba vya mawe kutoka duarani, anabeba madumu ya maji, anampeleka mkewe kliniki, halafu sikukuu ikifika anaitoa keria na kushindana kwa baiskeli hiyo hiyo.

Nilikuwepo kwenye mbio moja ya namna hiyo kiangazi hiki. Zawadi ilikuwa hela kidogo kwa wa kwanza, mbuzi kwa wa pili. Kijana mmoja wa hapa, jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa, alikuwa anaongoza vizuri tu. Alikuwa amepata mgao duarani, akaenda Mwanza akarudi na baiskeli ya mbio ya mtumba, viatu vyake, na pedeli zile zinazonasa kiatu. Alipendeza, tusidanganyane. Zikiwa zimebaki kama mita mia tatu, barabara inakata korongo kavu lenye mchanga mwingi. Gurudumu la mbele likazama. Kila mwendesha baiskeli duniani anajua cha kufanya hapo: unatoa mguu, unakanyaga chini, unajishikiza. Yeye mguu haukutoka. Alianguka na baiskeli yake yote kama mti, bega likatangulia, mtulinga ukavunjika.

Aliyeshinda alikuwa na Phoenix na katambuga miguuni.

Watu walicheka, mimi sikucheka, kwa sababu mtu mwenye mtulinga uliovunjika hashiki sururu. Wiki kadhaa hana duara, hana mgao, na watoto wanakula kama kawaida. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kijana hakuwa mzembe, wala pedeli hazikuwa mbovu. Zilikuwa pedeli za mahali pengine.

Turudi kwenye mpira mnielewe. Tarehe 4 Julai 1954, Bern, Uswisi, fainali ya Kombe la Dunia. Hungary ya Puskás ilikuwa haijafungwa tangu 1950, na kwenye makundi ilikuwa imeichapa Ujerumani Magharibi 8-3. Ndani ya dakika nane za fainali Hungary ikawa mbele 2-0. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, uwanja umelowa, na Wajerumani walikuwa na viatu vya Adi Dassler vyenye njumu za kufunga kwa skrubu, ukitaka unaweka ndefu, ukitaka unaweka fupi. Wakaweka ndefu. Mechi ikaisha 3-2, Ujerumani bingwa. Sisemi njumu peke yake ndizo zilizofunga mabao, Helmut Rahn alikuwa na mguu wake. Ila kuna mtu aliangalia uwanja kabla ya kuangalia kiatu.

Mchezaji aliyewahi kucheza Kambarage wakati wa kiangazi anajua ninachosema. Huwezi kuingia pale na njumu zile zile ulizochezea kwenye nyasi bandia. Na ukimwona winga anateleza kila akikata kulia, mashabiki wenyewe jukwaani wanapiga kelele, "Badilisha viatu!" Sasa kwa nini kwenye baiskeli hakuna anayepiga kelele?

Jibu ninalo, na sehemu yake ni televisheni. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia akachukua ubingwa wa wanaume. Kigali siyo mbali, malori yanayopita Kahama yanaelekea huko huko. Niliangalia kwenye kibanda umiza, na vijana waliokuwa pembeni yangu hawakuwa wanaangalia milima wala mbinu, walikuwa wanaangalia vifaa. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameshamwona Biniam Girmay wa Eritrea anashinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani. Mtu mweusi, Mwafrika wa huku huku mashariki, anawaacha Wazungu kwenye mita mia mbili za mwisho. Unamwambiaje kijana wa Mwakitolyo asitake pedeli kama za Girmay?

Unamwambia hivi: Girmay yuko juu ya lami. Kigali ilikuwa lami na mawe yaliyopangwa. Wewe uko kwenye luseni.

Nieleze sasa hivi vitu vinafanyaje kazi, kwa sababu wengi wanavinunua bila kuelezwa. Zamani waendesha baiskeli walikuwa wanafunga mguu kwenye pedeli kwa mkanda wa ngozi. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa inatengeneza vifaa vya kuteleza kwenye theluji, ikachukua ujuzi ule wa kunasa kiatu na kuuhamishia kwenye pedeli. Mwaka 1985 Bernard Hinault akashinda Tour de France nazo, na mikanda ikaanza kufa. Chini ya soli kunafungwa kipande ambacho wenyewe wanakiita kliti. Unaingiza ncha yake ya mbele, unakandamiza, springi inafunguka na kujifunga, unasikia "ta!" Kutoka, unageuza kisigino kuelekea nje. Basi. Hakuna kitufe wala kamba. Kwa hiyo usalama wako wote uko kwenye kile kitendo cha kugeuza kisigino, na kitendo hicho kinahitaji nafasi safi kati ya kliti na mdomo wa pedeli.

Pedeli za lami, zile za kwenye televisheni, kliti yake ni kubwa, ni ya plastiki, inafungwa kwa bolti tatu na imetokeza nje ya soli. Kwenye lami ni tamu kweli, mguu umetulia kwenye eneo pana. Lakini tembea nazo hatua ishirini tu hapa kijijini, kutoka meza ya kuandikisha namba mpaka mstari wa kuanzia. Plastiki inaliwa na kokoto, mchanga unajaa kwenye matundu yake, na pedeli yenyewe kwa kawaida ina mdomo upande mmoja tu, kwa hiyo unaanza kuitafuta kwa mguu huku wenzako wameshaondoka. Ukifanikiwa kuingia na mchanga ule ule, umejifungia ndani. Yule kijana wetu alifanya hivyo hivyo. Na juu ya hapo, aliyemfungia alikuwa amekaza springi mpaka mwisho, eti ndivyo wanavyofanya wakubwa.

Kuna familia nyingine, ile ya baiskeli za milimani. Shimano walileta mfumo wao wa SPD mwaka 1990, na hadi leo ndio wengi wanaufuata. Kliti ni ya chuma, ndogo kama sanduku la kiberiti au chini ya hapo, inafungwa kwa bolti mbili na imezama ndani ya soli ya kiatu chenye meno. Unaweza kutembea, unaweza kukimbia, unaweza kusukuma baiskeli kwenye mchanga bila kuchechemea kama bata. Pedeli ina mdomo pande zote mbili, kwa hiyo hutafuti. Na ina skrubu ndogo ya kulegeza springi, unatumia alenki ya milimita 3. Kwa mtu wa huku, skrubu hiyo ndiyo bei yote ya pedeli. Legeza. Anza ikiwa legevu kabisa, pande zote nne, halafu ukizoea ongeza kidogo kidogo.

Halafu wako Crankbrothers wa Marekani, waliotoa mwaka 2001 pedeli inayofanana na mchapo wa kupigia mayai, na jina lake lenyewe ni hilo, Eggbeater. Ina milango minne na haina mwili, ni vyuma tu vilivyo wazi, tope linapita katikati na kwenda zake. Kwenye mbuga wakati wa masika, ule udongo mweusi unaojenga tofali kwenye tairi, sijui pedeli inayoingilika kirahisi zaidi ya hiyo. Ila nina maneno mawili dhidi yake. Springi yake hailegezwi wala kukazwa. Na kliti zake ni za shaba nyeupe laini, na mchanga wetu wa karasha ni mawe ya kwatzi yaliyosagwa, unakula shaba kama msasa. Utanunua kliti mara nyingi, na duka la kliti Mwakitolyo hakuna. Time wa Ufaransa nao wana pedeli yao ya ATAC, iliyo wazi, inayosukuma uchafu nje, na watu wa tope wanaipenda miaka mingi. Kliti zake nazo ni laini.

Hapo ndipo wataalamu wa mjini wanapotuchanganya. Wakisema "mazingira machafu" wanafikiria tope. Sisi tuna uchafu wa aina mbili na hauponi kwa dawa moja. Tope la mbuga linaziba: linajaa kwenye kliti, huwezi kuingia. Mchanga wa luseni na unga wa karasha unasaga na kubana: unaingia vizuri, lakini kutoka kunakuwa kugumu, na chuma kinaisha. Kutoingia utachelewa, utaudhika, utamaliza wa tano. Kushindwa kutoka utaenda hospitali. Kwa hiyo mimi ukiniuliza pedeli nzuri ya Mwakitolyo, siulizi inaingiaje. Nauliza ikiwa imejaa mchanga inatokaje. Na kwa kigezo hicho naichukua ile ya kliti ya chuma yenye springi inayolegezwa, iwe ya Shimano au nyingine ya mfumo huo huo, yenye mwili mwembamba na ulio wazi, siyo ile yenye kibao kipana kinachohifadhi mchanga. Kwa kliti naongeza hili: zipo za aina inayotoka kwa kugeuza kisigino na pia kwa kukivuta juu kwa pembe. Watu wa mbio hawazipendi, wanasema mguu unaweza kuchomoka bila kutaka. Mtu anayejifunza kwenye mchanga ndizo zake.

Msidhani haya ni mawazo ya mtu wa kijijini. Ubelgiji kuna mji wa pwani unaitwa Koksijde, wanashindania baiskeli kwenye vilima vya mchanga, mchanga hasa wa baharini. Mwaka 2012 mashindano ya dunia ya cyclo-cross yalifanyika pale, Niels Albert akashinda, na Wabelgiji wakachukua nafasi zote saba za kwanza. Mnajua kwa nini nawataja? Kwa sababu mchezo ule wanashuka, wanaweka baiskeli begani, wanakimbia, wanarukia tena. Mabingwa wenye hela ya kununua chochote, na wanakwenda na pedeli za milimani na viatu vyenye meno. Jirani zetu Kenya wana Migration Gravel Race, siku kadhaa za vumbi huko Maasai Mara tangu 2021, na marehemu Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa Team Amani na aliyefariki akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022, alikuwa mstari wa mbele kuwatoa waendeshaji wa Afrika Mashariki kwenye lami na kuwaonyesha kwamba vumbi ni uwanja wao wa nyumbani. Vumbi tunalo. Hata mtaji huo tunataka kuutupa tuige lami ambayo hatuna?

Sasa matunzo, na hapa naomba mafundi wasinikasirikie. Fundi wetu akiona kitu kigumu anamwaga oili. Kwenye mnyororo tunaelewana. Kwenye mdomo wa pedeli, kwa huku, oili ni adui. Mafuta yanashika unga wa mawe, na unga wa mawe ukichanganyika na mafuta ni dawa ya kusagia vali. Piga brashi kavu, mswaki wa zamani unatosha. Kama lazima uweke kitu, weka tone dogo kwenye springi yenyewe, futa kwa kitambaa mpaka uone kama hukuweka, au tumia vilainishi vya nta vinavyokauka. Kabla ya kuingia, gonga kiatu kwenye pedeli mara mbili kama mtu anayekung'uta njumu mlangoni. Masika tembea na kijiti au spoku iliyokatika, chokoa. Ndani kwenye goroli ndiko grisi inakotakiwa: shika pedeli, itikise, ikicheza huku na huku mchanga umeshaingia, ifunguliwe kabla haijakatika ukiwa mteremkoni.

Na jambo moja nimeliona linaharibu krenki za watu kila siku: pedeli ya kushoto tredi yake ni ya kinyume. Inafungwa kwa kugeuza kushoto. Fundi asiyejua anasukuma kwa nguvu za sururu, tredi zinakwisha, krenki inatupwa. Kuna baiskeli pia, hasa zile zenye krenki ya kipande kimoja, ambazo tundu lake ni dogo, pedeli hizi haziingii kabisa. Pima kwanza, nauli ya Mwanza siyo ya kuchezea.

Nilipomweleza haya mzee mmoja fundi baiskeli hapa, ambaye amefunga Phoenix tangu enzi za mawakala wa pamba, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia, akasema, "Ng'wanawane, na yule aliyeshinda na katambuga?"

Swali zuri kuliko makala yangu. Kweli, aliyeshinda hakunaswa na kitu. Na niseme wazi: kama huna hela ya viatu na kliti, au kama hujawahi kuzitumia, nenda na pedeli bapa zenye vijino vya chuma juu yake na raba yenye soli ngumu. Faida ya kunasa siyo kubwa kama wauzaji wanavyosema. Ule wimbo wa "unavuta juu, unasukuma chini" umezidishwa chumvi. Nguvu karibu yote ya mwendeshaji inatokana na kusukuma chini. Unachopata ni mguu usioruka kwenye mashimo, na kukanyaga haraka bila kupoteza pedeli. Hiyo kwa kilomita mia moja ni kitu. Kwa mbio za kilomita kumi kutoka zahanati hadi uwanja wa shule, ni urembo. Anayekudharau mstarini kwa sababu umevaa raba, mwache, mtakutana korongoni. Ila mikanda ya kufunga mguu, ile ya zamani, sitaki hata kuisikia kwenye mchanga. Ile mpaka uiname uilegeze kwa mkono, na mkono uko kwenye usukani.

Nimalizie na waandaaji, kwa sababu vijana nimewasema vya kutosha. Mnaandaa mbio kwenye njia ya vumbi, mnamsimamisha mwanasiasa apunge bendera, mnatoa mbuzi. Sawa, mbuzi analiwa. Lakini mbio zinapita korongo la mchanga na hakuna mtu aliyesimama pale na bendera nyekundu, wala boksi la huduma ya kwanza. Kwenye ligi ya wilaya tu mwamuzi anakagua njumu za wachezaji kabla ya mechi, anazigusa kwa mkono. Mkaguzi mmoja mstarini, anayemwambia kila mwenye pedeli za kunasa, "Toa mguu nione," kushoto na kulia, angemwona kijana wetu anahangaika pale pale, wiki zote zile zisingepotea. Haigharimu hata shilingi. Na safari ijayo badala ya mbuzi wa pili tieni jozi ya pedeli za milimani na kliti za akiba, mnunue Mwanza zikiwa mpya, siyo zile zilizokwishaliwa.

Kijana nilimtembelea juzi. Bega limeunga, ameanza kubeba nusu kiroba. Baiskeli yake ameiegemeza ukutani, ile ile ya Mwanza, na amefunga pedeli bapa za Phoenix. Viatu vya plastiki amevitundika juu ya mlango. Nikamuuliza kama anaviuza. Akasema, "Hapana anko, nasubiri lami."